Nyangate na Gazeti la Bibi wa Benard

Tryphosa, mjukuu wangu, ameniletea daftari la mistari mipana na kalamu mbili, akaniambia, "Nyanya, andika habari za Nyangate." Si zangu. Za Nyangate. Mimi nimezika mume, nimelea watoto saba, nimelima chai tangu miche ikiwa urefu wa kidole, na hakuna aliyewahi kuniletea hata karatasi ya kufungia sukari ili niandike ya kwangu. Sasa kwa vile Nyangate amekufa, ndiye amekuwa mtu wa kuandikwa. Hata akiwa kaburini bado anatangulia foleni.

Nimekataa mara tatu. Halafu nimefikiri: nisipoandika mimi, wataandika wale waliozaliwa juzi, nao watamfanya malaika. Hakuwa malaika. Basi nitaandika, polepole, maana herufi nilizijua nikiwa tayari na mvi, na kila moja bado inanitazama kama mgeni.

Nyangate alikuwa mwanamke mrefu, mwenye shingo iliyozoea mzigo na mdomo usiozoea kufungwa. Mumewe alikufa mwaka ule ule tulipopata bendera, akamwachia msichana mmoja, Bonareri, migomba ya kutosha na kipande cha chai. Siku za soko alibeba mikungu hadi Keumbu, na mara moja kwa mwezi akapanda gari mpaka soko la Daraja Mbili, mjini Kisii. Alipeleka ndizi, akarudi na habari. Kwenye mlima wetu miaka ile redio ilikuwa moja tu, ya mwalimu mkuu, nayo betri zake zilianikwa juani siku nyingi kuliko siku ilizosema. Ukitaka kujua nani amekufa, nani ameshtakiwa, waziri gani amesema nini kule Kisii uwanjani, ulimngoja Nyangate kwenye kituo cha chai.

Kituo chenyewe kilikuwa banda la mabati lenye meza ndefu ya kuchambulia majani, na mizani ikining'inia kwenye boriti. Kilijengwa mpakani mwa koo mbili, wao bonde lile na sisi bonde hili. Sisi hatuoi wa ukoo wetu, tunaoa ng'ambo, na wao vivyo hivyo. Kwa hiyo mchana ukifika pale, mtu yeyote uliyemgusa kwa kiwiko alikuwa mkwe wa mwingine. Tuliketi kwa adabu sana, huyu amempa yule mgongo, yule anatazama miguu yake, na lori la majani lilikuwa likija linapotaka.

Nyangate hakutoa habari ovyo. Kwanza alitua kikapu. Akafungua leso, akaikung'uta, akaifunga tena. Akaomba maji. Ndipo akaanza, na kila mara alianza na vifo, kwa sababu kifo kina heshima yake. Kisha siasa. Mwisho ndiyo mambo ya ajabu, kama lile la mbuzi aliyekula kadi ya chama ya diwani mmoja, diwani akazuiwa mlangoni pa mkutano kwa kukosa kadi, akarudi na mbuzi mwenyewe amemfunga kamba, eti kadi imo humu ndani, ingieni muitafute. Watu walicheka mpaka majani yakanyauka.

Na kwa sababu ya habari hizo, kikapu chake kilipimwa cha kwanza. Hakuna aliyetoa amri. Lori likisikika tu kwenye kona, mikono ilikipitisha kikapu cha Nyangate mbele. Asiyejua kazi ya chai ataona ni jambo dogo. Anayepimiwa kwanza anafika kwake kabla ya mvua, anawasha moto watu wengine bado wamesimama na majani yanayopata joto kikapuni. Anayepimiwa kwanza ni mtu. Kikapu changu kilikuwa cha pili, miaka tisa, na mimi sikuwahi kuambiwa asante kwa kuwa wa pili.

Mwaka wa sabini na mbili Benard, mtoto wa mzee Machogu, alioa msichana kutoka upande wa Nyaramba. Jina lake Jemimah. Msabato, kitambaa cheupe kichwani, darasa la saba alilimaliza. Benard alikuwa karani huko Kericho, na kila Alhamisi alimpa kondakta wa basi mkate amletee mkewe. Mkate ulifungwa kwa gazeti. Wengine tungekula mkate tukawashia moto lile gazeti. Jemimah alilinyoosha kwa kiganja, akalikunja vizuri, akaja nalo kituoni likiwa juu ya majani, lisipate alama ya kidole.

Siku hiyo Nyangate alikuwa anatueleza juu ya moto uliounguza soko moja huko ziwani.

"Vibanda arobaini," alisema. "Arobaini, na mwenye hoteli akaokoa birika tu."

Jemimah, bila ubaya wowote, nitasema ukweli, bila ubaya, akafungua karatasi yake. "Mama, hapa wanasema vibanda kumi na kimoja."

"Mimi nimeambiwa arobaini."

"Umeambiwa na nani, mama?"

"Na mtu aliyetoka huko na majivu kwenye nywele."

"Labda. Lakini hawa wamehesabu."

Tukageuka wote, tukalitazama gazeti. Hatukujua kusoma, ila tulitazama. Onsongo, karani wa mizani, akasema, "Soma tena hapo, dada." Jemimah akasoma. Akasoma na habari za chini yake, na za ukurasa wa nyuma, na lori lilipofika Onsongo akauliza kikapu cha msomaji kiko wapi. Kikapita mbele. Cha Nyangate kikawa cha pili, na changu kikawa cha tatu.

Sisi tuna neno, engareka, ule wivu wa wake wenza unaomfanya mtu ahesabu hata kuni za mwenzake. Watu walisema Nyangate ameshikwa na engareka, na wengine wakacheka, kwa sababu hao wawili hawakuwa na mume mmoja. Walichogawana ni masikio yetu. Lakini ule ugonjwa ni ule ule. Nyangate aliona wivu juu ya kitambaa cheupe. Aliona wivu juu ya ile namna Jemimah alivyolowesha kidole kabla ya kufungua ukurasa. Akaona wivu hata juu ya mkate, yeye asiyependa mkate. Nyumbani alimwambia Bonareri, "Yule hajui lolote. Anaangalia tu walichoandika. Mimi nilikuwa natafuta." Na hilo mimi namuunga mkono, ingawa nilikuwa radhi kumwona akirudi nyuma kidogo ajue hewa ya huko ilivyo.

Sasa kuna jambo la taa, lazima nilieleze. Katika uchaguzi wa sitini na tisa mheshimiwa wetu, yaani mbunge, alipewa alama ya taa. Basi akagawa taa za mafuta, kila nyumba moja, nzuri, za bati jekundu. Ila zilikuja bila chemni, kile kioo cha juu. Chemni, walisema watu wake, zitakuja baada ya kura. Tukapiga kura. Akapita. Taa zikabaki na moshi, na huo moshi ukawaumiza macho wanawake wa mlima huu miaka mitano. Nyangate alilisema kila wiki, kama mtu anayesali.

Gazeti la Jemimah halikulisema. Siku moja liliandika kwamba mheshimiwa ameuangaza mlima. Jemimah akasoma hivyo hivyo.

"Uliza gazeti lako chemni ziko wapi," alisema Nyangate.

"Gazeti haliulizwi, mama. Linasomwa tu."

"Basi ni kama chifu."

Watu wakacheka. Bahati mbaya Ratemo, naibu wa chifu, alikuwa anapita na baiskeli yake. Tulimwita chifu ili afurahi. Yeye alishuka, akasimama na mkono mmoja kwenye kengele ya baiskeli, akasema kwamba huu mwaka wa sabini na nne ni mwaka wa uchaguzi tena na hapa si mahali pa mkutano. "Binti, soma mpira. Soma mvua. Soma bei ya mahindi. Siasa waachie wenye kibali."

Tangu siku hiyo tulijua habari za mpira kuliko watu wa Nairobi.

Wiki chache zikapita. Mke wa mzee Machogu akaumia mguu, ikabidi mzee mwenyewe alete majani kituoni. Machogu ni baba mkwe wa Jemimah. Na ninyi wa leo mnaoketi sofa moja na baba wakwe zenu mkitazama mambo kwenye televisheni hamtaelewa, lakini kwetu kuna haya kati ya mkwe na mkwe, tunaiita chinsoni. Mambo ya mwili hayatajwi mbele ya mkwe. Hata neno lenyewe halitoki. Mzee Machogu alijua adabu, aliketi mwisho wa banda akitazama bonde, mgongo kwetu. Lakini masikio hayana mgongo. Alikuwa anasikiliza, naye Jemimah alijua anasikiliza.

Nyangate ndiye aliyeona kwanza. Kusoma hakujua, lakini alijua uso wa mtu anayeficha kitu, kwani alinunua na kuuza ndizi maisha yake yote. Kidole cha Jemimah kilikuwa kinashuka kwenye karatasi na mdomo unafuata. Halafu kidole kikashuka upana wa kiganja kizima, na mdomo umenyamaza, kisha sauti ikaanza tena mahali pengine.

"Hapo umeruka," Nyangate alisema.

"Ni tangazo la sabuni, mama."

Wiki iliyofuata akaruka tena.

"Na hapo?"

"Sabuni."

"Gazeti lina sabuni nyingi hivi na watu wake ni wachafu?"

Jemimah aliinama akasoma mpira. Mimi nilikuwa karibu, nikaona shingo yake imeshika joto.

Nyangate hakulala vizuri tena. Alikuwa na hakika kinachorukwa ni habari za mheshimiwa, na za chemni, na kwamba Benard amepewa kazi na watu wa mheshimiwa ili mkewe atufunge macho. Aliweka vitu hivyo pamoja, kimoja juu ya kingine kama mtu anayejenga ghala, na ghala likasimama. Wivu ni fundi mzuri. Halikumjia hata siku moja wazo kwamba msichana anaona haya, ingawa yeye mwenyewe alikuwa akimpisha Onsongo njia kwa mita ishirini, maana Onsongo alikuwa wa ng'ambo ya bonde na ndiye aliyemwoa Bonareri.

Akajiandikisha ngumbaru, shule ya watu wazima. Ilikuwa kanisani, Jumatatu na Jumatano alasiri, na mwalimu alikuwa mzee Obadiah aliyesinzia kati ya herufi na herufi. Mimi pia nilienda. Sikuenda kwa sababu yake, nilienda kwa sababu zangu. Tuliketi benchi la mbele, ba be bi bo bu, kama watoto. Mimi nilipumzika siku za mvua. Yeye hakupumzika. Aliandika kwa mkaa kwenye ukuta wa jiko, akamsomea ng'ombe karatasi ya mbolea. Baada ya miezi saba aliweza kusoma neno lolote, ilimradi umpe muda wa kupika ugali.

Lakini subira ikamwisha kabla ya herufi kuiva. Siku ya soko alimkuta Ratemo barabarani, akamwambia, "Chifu, pale kwenye mizani kuna habari za mheshimiwa zinafichwa ndani ya gazeti. Mimi sisemi kitu. Nimeona tu." Alitaka Jemimah aulizwe mbele ya watu, apate aibu kidogo, basi. Aliniapia hivyo baadaye na mimi nilimwamini, kwa sababu ni jambo ambalo hata mimi ningelifanya.

Ratemo alisikia kitu kingine kabisa. Alisikia karatasi za siri, mwaka wa kura, kwenye eneo lake.

Alhamisi akaja na askari wa utawala mwenye bunduki. Banda lilikuwa limejaa. Askari alisimama penye mizani, Ratemo akanyoosha mkono, akachukua gazeti kutoka kwenye kikapu cha Jemimah.

"Wewe ndiwe unayechagua watu wasikie nini?"

"Hapana, chifu."

"Nimeambiwa unaruka. Ukificha habari za viongozi ni kosa. Ukizisoma bila kibali ni kosa pia. Lakini tutaanza na la kuficha." Akamrudishia karatasi. "Soma ulichoruka humu. Chote. Ukikataa, wewe na gazeti lako mtalala korokoroni Kisii."

Nyangate alikuwa ameketi kando yangu. Aliposikia neno Kisii, mkono wake ulinishika paja bila yeye kujua. Jemimah alikuwa na mtoto wa miezi minne mgongoni.

Jemimah alitazama karatasi. Akatazama mgongo wa mzee Machogu kule mwisho. "Siwezi, chifu."

"Huwezi kwa nini?"

"Siwezi mbele ya baba."

"Baba anahusikaje na mheshimiwa?"

Machozi yakamtoka, lakini mdomo umefungwa kabisa. Ratemo akaona sasa ameshika kitu kikubwa. Akalichukua gazeti, akatafuta mahali palipokuwa na alama ya ukucha, akaanza kusoma kimya, midomo ikicheza. Midomo ikasimama. Akainua macho, na hapo mbele yake, hatua mbili kutoka kwenye viatu vyake, alikuwa ameketi mama mkwe wake mwenyewe, wa ng'ambo ya bonde, na kikapu chake cha majani, akimtazama kwa heshima akisubiri mkwe wake msomi asome.

Nitaandika kilichokuwa kimeandikwa, na mkwe wangu akilipata daftari hili aruke mistari hii. Mwanamume mmoja wa wilaya ya mbali alilewa, mvua ikampiga njiani, akaingia nyumba aliyodhani ni yake, akavua nguo zote azianike motoni, akalala. Ilikuwa nyumba ya mama mkwe wake. Alfajiri kelele, majirani, mahakama. Hakimu alimuuliza kwa nini hakutambua nyumba, akasema nyumba za huko zote zina mlango. Ndiyo habari yenyewe. Hapakuwa na mheshimiwa ndani yake, wala chemni.

"Hii," alisema Ratemo, na sauti imekuwa ndogo, "hii haina siasa."

"Basi tusomee," alisema mzee mmoja.

"Si lazima."

"Chifu, umekuja na bunduki, halafu si lazima?"

Watu walianza kunong'ona. Ratemo akampa Onsongo. "Karani, wewe umesoma. Soma."

Onsongo akasoma kimya. Akageuka upande tulipokuwa, akamwona Nyangate, mama wa mkewe, akarudisha gazeti haraka kama sufuria ya moto. "Mimi nimeajiriwa kupima," akasema.

Na hapo ndipo kiburi kilipomsimamisha Nyangate. Kila mtu mwenye shule alikuwa ameshindwa, na gazeti liko hewani halina mwenyewe. Miaka miwili alikuwa akiotea karatasi ile. "Lete," alisema. "Nitasoma mimi."

Hakuna aliyejua kwamba anaweza, isipokuwa mimi na Obadiah. Hata Jemimah aliacha kulia. Nyangate alilowesha kidole, vile vile kama Jemimah, akakiweka chini ya mstari.

"Mwa-na-u-me," akasoma. "M-mo-ja. A-li-ku-twa." Watu wakaguna kwa mshangao, na mimi, Mungu anisamehe, roho iliniuma, maana siku zile za mvua ningekuwa sijapumzika, pengine ningesimama mimi. "A-ki-wa. U..."

Kidole kikatangulia, kikashuka mstari, kikashuka mwingine. Nilimwona akisoma kwa ndani. Nikaona masikio yake yanabadilika rangi.

Akainua macho, akamwona Onsongo ameinamia viatu vyake. Akamwona Jemimah na mtoto. Yote aliyoyajenga miezi yote ile yalianguka pale, na nadhani aliyasikia yakianguka. Akisema hawezi, basi Jemimah alikuwa sawa siku zote, na yeye ndiye amemletea mtoto wa watu bunduki kwa sababu ya adabu yake. Akisoma, hatatazamana na mkwewe mpaka kufa. Akisema ni sabuni, wote tutacheka. Na Ratemo alikuwa amesimama, hajamwachilia mtu.

"Alikutwa," alisema Nyangate, na ghafla akaanza kusoma kwa kasi ambayo Obadiah hakumfundisha mtu, "alikutwa akiwa na taa isiyo na chemni. Alipoulizwa, akasema taa hizo ziligawanywa mlima mzima wakati wa kura, na chemni zikaahidiwa baada ya kura, na sasa kura nyingine imefika. Wanawake wa huko wana macho mekundu. Gazeti linauliza chemni ziko wapi. Gazeti linasema wakubwa wa mlima huo wanajua. Basi. Hapo chini ni sabuni."

Ratemo alimtazama kama mtu aliyeona mbuzi wa diwani akiongea. "Imeandikwa hivyo?"

"Chukua usome mwenyewe, chifu. Kwa sauti. Mama mkwe wako anasubiri."

Mama mkwe akatikisa kichwa kwa upole, kwamba ndiyo, anasubiri.

Ratemo hakulichukua. Jasho lilimtoka chini ya kofia. Alimgeukia Jemimah, kwa sababu ndiye peke yake aliyebaki, na neno lake moja tu lingemwangusha Nyangate kifudifudi. Neno moja, baada ya yote. Mimi ningelisema. Wallahi ningelisema na kicheko juu yake.

"Wewe. Ndivyo ilivyoandikwa?"

Jemimah alipangusa uso kwa ncha ya kitambaa. "Ndivyo, chifu. Nilikuwa naogopa kusoma hizo za chemni."

Ratemo akapanda baiskeli. Gazeti alilichukua, akalikunja mara nyingi, likawa dogo kama bahasha, na hatukusikia kwamba alilipeleka kwa mkubwa wake. Angempelekea nini? Askari alimfuata kwa miguu. Lori lilipolia kwenye kona mikono ilikikamata kikapu cha Nyangate, ikakipitisha mbele, mbele kabisa, na aliyekishika mara ya mwisho na kukitundika kwenye ndoano ya mizani alikuwa Jemimah.

Nyangate hakumshukuru. Siku ya pili alimkuta mtoni, akasimama mbali kidogo.

"Kwa nini hukusema?"

"Niseme nini, mama?"

"Usijifanye. Ulijua nilichofanya. Ulijua ni nani alimwita."

"Nilijua." Jemimah aliendelea kusuuza nguo za mtoto. "Lakini ulisoma vizuri kuliko gazeti."

Angemtukana, Nyangate angepona. Lakini maneno hayo alirudi nayo nyumbani kama jiwe ndani ya kiatu. Aliniambia, "Umeona? Hata kunisamehe amejua kuliko mimi." Tangu hapo kikapu chake kilikuwa cha kwanza mpaka mwisho, na hakuna siku alikitazama kikipita bila kukumbuka ni nani amekiweka pale. Jemimah akaendelea kusoma, naye Nyangate akaongeza yaliyokosekana, na watu walikaa katikati wakisikiliza wote wawili. Wao wawili hawakuketi benchi moja. Chemni hazikuja.

Mwaka wa sabini na tisa serikali ikaamua kila mtu mzima ajue kusoma, ikatafuta walimu wapya wa ngumbaru. Obadiah alipumzishwa akasinzie nyumbani. Kwetu wakamwandika Jemimah. Jumatatu ya kwanza aliingia kanisani na chaki na kitabu cha majina, na benchi la mbele lilikuwa na mtu mmoja tu, mimi. Nyangate alikaa kwake wiki mbili. Alisema anajua ya kumtosha. Lakini mimi nilipita kwake kila jioni nikasoma kwa sauti kalenda ya kanisa ukutani mwake, na gunia la mbolea, na jina la fundi kwenye mlango, sikumwambia kitu, nilisoma tu. Wiki ya tatu alikuja. Aliketi, akanisukuma kwa nyonga, akachukua nafasi ya katikati.

Jemimah aliita majina. Kila mtu alitakiwa kujibu, nipo, mwalimu.

"Nyangate."

Nyangate alinyoosha leso magotini.

"Mama Nyangate."

"Unaniona," alisema.

Jemimah akatia alama, akaendelea. Miaka miwili na nusu aliitwa hivyo na alijibu hivyo, mpaka akapewa cheti, na hakuna siku hata moja neno mwalimu lilimtoka. Ila kila Jumatatu alifika wa kwanza, akaufuta ubao kabla Jemimah hajaingia, na mtu mwingine akishika kile kitambaa cha ubao alikuwa ananyang'anywa.

Hayo ndiyo ya Nyangate. Mkono unaniuma, na kalamu moja imekwisha. Sasa wewe uliyekaa hapo ukasoma bure, tafuta karatasi uniandikie. Niambie kwenu nani alikuwa analeta habari kabla ya gazeti, na lipi mlilijua nyote ambalo halikuandikwa. Andika herufi kubwa, acha nafasi kati ya maneno, na salamu ziwe mstari mmoja tu. Jina langu muulize Tryphosa, na juu ya bahasha liandike kwanza, kabla ya la mtu yeyote.